Waifai ya Padre na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni karibu, na wewe uliyeshika simu, iweke chini. Mimi nina hadithi, hukumu sina. Hukumu mtanipa nyinyi.

Palikuwa na kijiji mlimani, zahanati upande huu wa barabara, kanisa upande ule. Hapo waliishi wanawake watatu. Mghoi, fundi wa cherehani, alikuwa na jicho: kitu kidogo kilichokaa vibaya hakikumpita. Shali, mwalimu wa kwaya, alikuwa na kumbukumbu: alichokisikia mara moja hakikumtoka. Wawuda, mbeba magunia ya kabichi sokoni, alikuwa na uthubutu, na mikono ya kuusindikiza.

Asubuhi moja mvua iliporomosha mlima. Barabara ikazibwa, mnara wa simu ukaanguka. Asubuhi hiyohiyo Malemba, mke wa Mwadime, akashikwa na uchungu. Nesi alimpima, akatoka nje uso umembadilika.

"Mtoto katanguliza makalio," alimwambia Mwadime. "Sijawahi kuzalisha hivi peke yangu. Ningempata daktari wa bondeni aniongoze, tungeweza. Laptopu ninayo, lakini haioni mtandao hata mmoja."

Mwadime ni mtu mzima, lakini alilia. Kisha akaapa, na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia. Katika ukoo wake mtoto hupewa jina moja tu, la mtu aliye hai, na mwenye jina huwa mama au baba wa pili maisha yote. "Atakayenifungulia njia ya kumfikia daktari," alisema mbele ya watu, "mtoto huyu ataitwa jina lake!" Hakuuliza itakuwaje njia ikiwa na milango mitatu.

Mghoi alikuwa pale akipima mapazia ya wodi. Wengine walikodolea kioo cha laptopu. Yeye aliigeuza, akatazama ubavuni. Palikuwa na swichi nyembamba kama ukucha, imesukumwa nyuma.

"Sista, mmeiziba masikio wenyewe," alisema. "Visanduku vya waifai hujitangaza majina saa zote, kama wachuuzi. Kazi ya laptopu ni kusikiliza. Hii haikuwa inasikiliza."

Akaisukuma swichi kwa ncha ya sindano. Jina moja likatokea, la dukani, nalo lilitegemea mnara ulioanguka. La kanisa, lenye dishi lake juu ya paa na umeme wa sola, halikuonekana.

Padre alikuwa amelificha. Msinicheke, nawaambia kweli! Kila Jumapili vijana walifurika kanisani, ila waliishia nje ukutani, wameinama kwenye simu kuliko wanaosali ndani. Padre akaita fundi wa mitandao, kisanduku kikazuiwa kutangaza jina lake. Tangu hapo, anayetaka kuingia sharti alijue jina na kuliandika mwenyewe, kisha atie paswadi. Na asubuhi ile padre alikuwa safarini.

Shali alikuja mbio aliposikia. Siku ile ya fundi alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo, akamsikia akimsomea padre jina na paswadi, herufi moja moja. Miezi saba ilikuwa imepita. Alifumba macho, akaanza kutaja kwa mapigo, kama anavyofundisha kwaya: herufi kubwa kwa sauti ya juu, ndogo kwa sauti ya chini. Nesi aliandika jina, akaandika paswadi. Laptopu iliita, kisanduku kikaitika. Uso wa daktari ukatokea, ukasema, "Sista, mama yuko—" ukaganda, ukapotea.

"Ni lile kabati," alisema Shali. "Padre amekifungia kisanduku kwenye kabati la bati, na ufunguo kaenda nao. Bati linazuia mawimbi."

Wawuda alikuwa mlangoni. Alivuka barabara na jembe begani, matope hadi magotini. Mlinzi wa kanisa alimzuia mlangoni.

"Mama, hilo ni kabati la padre! Utatengwa na kanisa!"

"Nitengwe," alisema Wawuda, "mtoto akiwa hai."

Alivunja kufuli kwa pigo moja. Waya ulikuwa mfupi, haukukifikisha kisanduku kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama zahanati. Basi alikiinua kwa mikono miwili usawa wa kioo, akasimama hivyo saa nzima. Mabega yaliwaka moto, hakushusha.

Daktari alirudi, na safari hii hakuganda. "Usimvute," alimwambia nesi. "Mwache ashuke mwenyewe. Sasa mshike nyonga, mgeuze polepole." Kabla ya saa sita mtoto wa kike alilia, na mama yake akauliza kama kuna uji. Loo, kijiji kilivyoshangilia!

Siku ya nane wakakutana kumpa jina.

"Bila jicho langu," alisema Mghoi, "mngekuwa na jina, na paswadi, na laptopu kiziwi."

"Bila mimi," alisema Shali, "ingesikiliza mpaka kesho. Nani angelitaja jina lililofichwa?" Kisha akasema lililomkaa moyoni. "Mimi sikujaliwa mtoto. Jina langu litaishia kwangu."

Wawuda alijisugua bega. "Nyinyi mlitoa mlichonacho, na mmebaki nacho. Mimi padre karudi, akanisimamisha, komunyo sipokei. Huyu mtoto amenigharimu."

Mwadime alimgeukia mkewe. "Tumpe yote matatu?"

"Uliapa jina moja," alisema Malemba. "Watu walikusikia."

Basi hadi leo mtoto anaitwa Mgeni, nyumbani kwao wenyewe. Ameanza kutambaa. Kila akiitwa hivyo, wanawake watatu hugeuka pamoja, na kila mmoja hunyoosha mikono.

Je, wewe ungeamua vipi? Lakini kabla hujalitaja jina, watazame usoni wale wawili utakaowaacha.