Kwa Nini Nyuki Wadogo Hawana Mwiba

Sogeeni hapa penye shina, wajukuu zangu, mwone kimrija hiki cha nta kinachochomoza mtini. Huo ndio mlango wa nyuki wadogo. Punguzeni kelele, niwaambie ilivyokuwa.

Hapo kale, msitu ulipofunika milima yetu hii ya Taita hadi mabondeni, nyuki hawa walikuwa wakali kuliko nyuki wote. Ukipita tu karibu, walikuchoma mpaka uso ukafura. Wazazi wakawakataza watoto wao kukanyaga msituni. Wanaume nao walipotaka asali walikwenda na vienge vya moto, wakaunguza nyuki na mti pamoja. Aliyewashinda wote kwa kazi hiyo ni Mwandoe.

Mwaka mmoja maboga na maharage yalichanua vizuri, lakini maua yakapukutika bila kuzaa. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Maghala yakabaki matupu.

Mkawasi, mke wa Mwandoe, akaona jambo. Miboga michache iliyoota kando ya msitu, karibu na mti mmoja mnene, ilikuwa imezaa hadi inalemewa. Akaenda kukaa pale tangu asubuhi na binti yake, Wawuda, wakitazama tu. Wakawaona nyuki wadogo wakiingia katika ua na kutoka na unga wa njano miguuni, kisha wakiingia katika ua jingine.

"Mama," Wawuda akanong'ona, "kumbe hawa ndio wanaotuzalishia!"

Kabla hawajaondoka, Mwandoe akatokea na kienge kinachowaka. Mti ule ndio uliokuwa na nyuki wa mwisho. Mkawasi akauegemea kwa mgongo. Nyuki wakamchoma shingo na mikono, machozi yakamtoka, lakini hakubanduka.

"Toka hapo, Mama Wawuda, utaungua!"

"Baba Wawuda, ukichoma mti huu umechoma chakula cha mwanao."

Mwandoe akamtazama mkewe alivyovimba, akayatazama na maboga. Akakichovya kienge matopeni, kikazimika.

Hapo malkia wa nyuki akatoka nje. "Mmeuacha moto," akasema, "basi nasi tutaacha miiba." Kundi zima likarukia mti wa jirani, mjafari, ambao siku hizo gome lake lilikuwa laini, na kila nyuki akachomeka mwiba wake humo. Mjafari haukulalamika hata kidogo. Mbuzi walikuwa wameuchosha kwa kuutafuna.

"Lakini watoto wenu, watakaokuja msituni bila moto, tutawajuaje?" malkia akauliza.

"Nitawaleta mwenyewe," Mkawasi akajibu. "Muwanuse."

Kesho yake akaja na watoto wote wa kijiji. Nyuki wakawatambalia kichwani, wakajipenyeza kwenye nywele. Watoto wakapiga mayowe, wakangoja maumivu, maumivu hayakuja. Ilikuwa mtekenyo tu! Wakacheka mpaka wakaanguka chini, na Mwandoe akacheka kuliko wao.

Na tangu siku hiyo nyuki wadogo hawana mwiba, na shina la mjafari limejaa miiba. Ndiyo maana kila maharage yanapochanua tunawaleta watoto hapa, wajue msitu wao na msitu uwajue.

Haya, Mghoi, usimpige huyo aliyeingia nywele zako. Tulia, mama. Anakunusa.