Wimbo Ulioanzishwa Juu

"Aanzishaye wimbo juu huumaliza peke yake." Jana kwenye kikao cha harusi mlimsikia mwenyekiti akirushiwa maneno hayo, watu wakacheka, nanyi mkacheka pamoja nao bila kujua mnachekea nini. Leo mmekuja kuuliza. Vizuri, kuuliza si ujinga. Methali hii chanzo chake ni hiki, wala si cha zama za mababu. Kilitokea kanisani, kule Rungwe kwenye mashamba ya chai.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Atuganile, kiongozi wa kikundi cha sifa. Sauti aliyokuwa nayo, jamani! Akipanda kwenye kiitikio, hata watoto wachanga waliacha kulia. Watu wa makanisa ya jirani walikuwa wakija Jumapili kumsikiliza yeye tu. Mpiga kinanda wake alikuwa Lwitiko, mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini mbele ya shangazi yake hakuwa na neno.

Sasa, jambo moja lilimkosesha Atuganile raha. Kanisa lilikuwa haliimbi. Ubeti wa kwanza watu walianza naye vizuri, lakini kikifika kiitikio sauti zilipukutika moja moja, mpaka anabaki yeye na kinanda. Watu walipiga makofi, walitabasamu, walimtazama. Kuimba, hapana.

Wazee wa kanisa nao waliliona. Mzee Mwakalobo akamwita baada ya ibada, akamwambia bila kuzunguka, "Binti, vyombo vile tulivinunua watu waimbe, si watazame. Jumapili ijayo ikiwa hivi tena, tunarudi kwenye kitabu cha nyimbo bila kinanda, na kikundi kitapumzika."

Kupumzika! Mnajua maana yake katika lugha ya wazee. Atuganile alikuwa amekijenga kikundi kile kwa miaka sita, mtu kwa mtu, na hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo. Alirudi nyumbani miguu mizito.

Lakini Atuganile hakuwa mtu wa kununa. Jambo likimshinda, yeye hulichunguza. Alikwisha kupunguza spika, hawakuimba. Alikwisha kubadilisha nyimbo, hawakuimba. Akawauliza wenyewe, na watu wa kwetu mnawajua: "Aa, dada, unaimba vizuri sana, Mungu akubariki." Jibu tamu, ndani halina kitu.

Jumanne asubuhi alikuwa akipita kando ya shamba la chai, mara akasikia wimbo. Akasimama. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, ule wa Jumapili! Wanawake kama kumi walikuwa wakichuma chai, vikapu mgongoni, na kiitikio walikiimba chote, hakuna aliyenyamaza, mpaka mmoja alikuwa ametia sauti ya tatu.

"Haa! Kumbe wanaujua!" Atuganile akajisemea. Udadisi ukamshika, akateremka katikati ya michai bila kujali umande. Wanawake walipomwona wakakatiza wimbo.

"Shikamoo, Bibi Sekela," akamwamkia aliyekuwa mkubwa wao.

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Wimbo huu mnaupenda?"

"Mno! Tangu asubuhi tuko nao."

"Basi mbona kanisani mnaniachia peke yangu?"

Wakatazamana. Mmoja akaanza, "Aa, dada, wewe unaimba vizuri sana..."

"Ebu acha kumlisha sukari, mwenzio anauliza," Bibi Sekela akamkata. Akatua kikapu chini. "Mwanangu, kanisani unauanzisha juu. Tunapanda nawe, tunapanda, tukifika kwenye kiitikio pumzi zimetuishia. Nifanyeje? Nipige yowe mbele ya madhabahu? Nanyamaza, nakutazama. Aanzishaye wimbo juu huumaliza peke yake."

Atuganile aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Ila hamu ya kujua ilikuwa kubwa kuliko aibu. "Hebu anzeni tena," akawaomba. "Pale pale mlipoanzia."

Wakaanza. Akaishika ile sauti waliyoanzia, akawapungia mkono, akapanda kwenda kanisani akiivuma puani asije akaipoteza. Njiani watu wakamsalimu, naye akainama tu na kuendelea kuvuma. Kwetu kumpita mtu bila kujibu salamu ni kesi! Mpaka leo wapo wanaodai kwamba siku ile aliwaringia.

Alimkuta Lwitiko akifuta vumbi kwenye kinanda. Akamwonyesha sikio, akavuma. Lwitiko akagusa hapa, akagusa pale, akaipata. Ilikuwa hatua nne chini ya pale walipozoea.

"Ulijua?" Atuganile akamuuliza.

"Nilijua, shangazi. Kila mara unaniambia nipandishe kidogo, nami nabonyeza kitufe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Watu wanatoka mbali kuja kukusikia pale juu."

Hapo ndipo palipouma. Maana kule chini sauti ya Atuganile ilikuwa ya kawaida tu, kama ya mwanamke yeyote anayeimba akiosha vyombo. Siku zote za mazoezi ulimi ulimwasha kusema, "Pandisha kidogo." Ijumaa alisema kabisa. Lwitiko aliponyoosha kidole kwenye kitufe, Atuganile akamwambia, "Acha. Acha hivyo hivyo."

Jumapili ikafika. Mzee Mwakalobo alikaa benchi la mbele, mikono ameikunja kifuani. Atuganile akaanzisha wimbo chini. Wageni waliokuja kumsikiliza wakatupiana macho, wakidhani ana mafua. Ubeti ukaisha. Kiitikio kilipokaribia akafumba macho kwa hofu.

Kanisa likaitikia. Si benchi moja wala mawili, kanisa zima! Wachuma chai wakaingia na sauti zao za shambani, wanaume wa nyuma wakaingia na besi ambayo hakuna aliyejua kwamba wanayo, hata Mzee Mwakalobo mikono ikamfunguka. Atuganile akaishusha maikrofoni, akasikiliza. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Baada ya ibada Mzee Mwakalobo akamfuata mlangoni, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Binti," akamwambia, "leo sikukusikia kabisa."

"Asante, baba," akajibu Atuganile. Alikuwa amesifiwa miaka sita, na hakuna sifa iliyopata kumwingia moyoni kama hiyo.

Maneno ya Bibi Sekela yakatoka shambani, yakaenda sokoni, yakaingia vikaoni. Yule mwenyekiti wenu wa jana alikuwa amekwisha kuamua kila kitu kichwani mwake, kisha akashangaa wenzake wamekaa kimya. Nendeni sasa, na mkiyasikia tena mtajua mnachekea nini: aanzishaye wimbo juu huumaliza peke yake.