Digidigi na Umri wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana, wakilima na kubishiana hodi, jua liliwaka miezi saba bila tone la mvua. Mito ikakauka, visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na kwenye njia ya kuteremkia majini alikaa Kiboko, mwenye tumbo kama ghala.

Kiboko hakumnyima mtu maji. La! Aliuliza swali tu.

"Umri wangu na wa mke wangu, ukijumlisha, ni miaka hamsini. Je, mimi nina miaka mingapi? Ukipata, kunywa ukinai. Ukikosa, utanilimia maboga siku saba, kwa kata moja ya maji kila jioni."

Nyati alijibu, akakosa. Punda Milia alijibu, akakosa. Mume wa Digidigi naye akajibu, akakosa, akapewa jembe.

Digidigi akabaki nyumbani na watoto wawili, ndimi zao zimekauka kama maganda. Siku ya tatu akaenda shambani kumpelekea mumewe chakula.

"Ulimjibu nini?" akamwuliza.

"Nilisema ishirini na mitano. Akaninong'oneza kwamba ana thelathini."

"Thelathini?" Nyati akaacha kulima. "Mbona hilo ndilo jibu langu! Mimi aliniambia ana thelathini na mitatu."

"Mimi ishirini na tisa," akasema Punda Milia kwa haya.

Digidigi akakokotoa. Mume akiwa na thelathini, mke ana ishirini. Akiwa na thelathini na mitatu, mke ana kumi na saba. Yote yanafika hamsini! Kumbe swali lile lina majibu chungu nzima, na Kiboko huchagua lile ambalo mtu hakulisema.

"Twende tukamwambie ni mwongo!" Nyati akafoka.

"Atasema mlisikia vibaya. Nisindikizeni tu, muwe mashahidi."

Wakafika bwawani. Kiboko alikuwa ameketi, na kando yake mkewe, Bi Mashavu, akijipaka tope usoni taratibu, kama bibi harusi.

"Hodi!"

"Karibu, kiumbe kidogo wewe. Swali unalijua?"

"Nalijua, mzee, ila ni fupi mno. Niongezee neno moja."

"Ho! Ho! Ho!" Kiboko akacheka hadi maji yakatikisika. "Haya. Ukizidisha jumla yetu mara mbili, utapata mia moja. Nimekuongezea!"

Digidigi akaona hapo hakuna nyongeza. Ni kanzu ile ile, imegeuzwa ndani nje. Tena akikosa, watoto watabaki peke yao. Lakini hakubisha. Akamgeukia Bi Mashavu, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Bibi?" Bi Mashavu akaacha kujipaka.

"Hongera kwa kumtunza mumeo. Kijana hana hata kunyanzi moja! Bila shaka ulimpata akiwa mdogo sana."

Chubwi! Tope likaanguka majini.

"Mimi? Mimi niolewe na kijana? Huyu babu amenizidi miaka kumi na minne kamili! Siku ya harusi mama yangu alilia!"

"Mke wangu, nyamaza!"

"Sinyamazi! Kumi na minne, wala haipungui!"

Digidigi akashusha pumzi. Sasa alikuwa na maneno mawili. Akaitoa ile kumi na minne katika hamsini, ikabaki thelathini na sita. Akaigawa sawasawa, mke kumi na minane, mume kumi na minane. Kisha akamrudishia mume ziada yake.

"Mzee, una miaka thelathini na miwili. Na mkeo ana kumi na minane."

Kiboko akajikuna tumbo.

"Umekosa!" akanguruma. "Nina thelathini na mmoja!"

"Thelathini na mmoja?" Bi Mashavu akasimama wima. "Kwa hiyo mimi nina kumi na tisa? Unanizeesha, tena mbele ya wageni? Sema mwaka huo umeutoa wapi! Sema!"

Kiboko akamtazama mkewe. Akawatazama mashahidi. Akakubali kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Haya, thelathini na miwili," akajisogeza pembeni.

Digidigi akanywa. Akajaza vibuyu viwili vya watoto.

Nyuma yake Nyati akatupa jembe, akasogea mbele. "Niulize tena, mzee. Una miaka thelathini na miwili!" Akaingia majini, pwaa! Punda Milia akafuata, "Thelathini na miwili!" Pwaa! Mume wa Digidigi akasema hivyo hivyo, na hadi jua linatua, wanyama walikuwa bado wamepanga foleni, kila mmoja akitaja umri wa Kiboko na kupita.

Swali lenye majibu mengi usilikimbilie. Litafutie kwanza neno linalokosekana.