Jogoo wa Mashavu na Mswaki wa Diwani

Diwani Mbelwa alipenda vitu viwili tu duniani: kuhutubia, na kula kwa watu. Siku mtaalamu wa meno alipokuja kijijini, diwani alimpokonya kipaza sauti akatangaza: "Pigeni mswaki asubuhi, na jioni mkishakula! Ukishapiga wa jioni, ni maji tu mpaka kuche. Nitakayemkuta anatafuna, atafagia soko zima!"

Wiki hiyohiyo akambishia hodi Mashavu, mjane aliyebakiwa na jogoo mmoja tu.

"Leo nala kwako. Huyo jogoo mpike kwa nazi, na nimkute na mapaja yote mawili."

Mashavu hakubisha. Alimchinja jogoo, akamuunga nazi, akawaita na majirani. Jua lilipozama, diwani alikuwa ameshaketi mkekani, mate yanamtoka.

"Mheshimiwa," Mashavu akasema kwa unyenyekevu, "watoto wa hapa wanasema eti mswaki unauhubiri tu, kuupiga huwezi."

"Mimi?" Diwani aliruka. "Leteni mswaki!"

Akasugua ya juu, akasugua ya chini, akasugua na ulimi, povu likamchuruzika hadi kidevuni. Majirani wakampigia vigelegele. Akasukutua, akanawa mikono, akavuta sinia.

Mashavu akalishika upande wa pili. "Mheshimiwa, huo si ndio mswaki wa jioni?"

Diwani akamtazama jogoo. Akawatazama majirani.

"Sisi wetu bado," alisema Mashavu, akinyofoa paja. "Mpeni Mheshimiwa maji. Na ufagio usiwe mbali."