Pilau ya Tabora, Mlaji Ujiji

Mwinyi Kasinde wa Tabora alimfuma punda wa jirani yake, Bi Chachandu, akila mahindi shambani mwake. Akamfunga, akagoma kumwachia.

"Unamtaka?" alimcheka Bi Chachandu alipokuja kumdai barazani, mbele ya wageni. "Mpelekee dada yangu pilau kule Ujiji! Ipikwe juu ya mafiga ya jikoni kwangu, si mengine, na imfikie inafuka moshi. Ukishindwa, hata nyumba yako naichukua!"

Wageni wakashika mbavu. Tabora hadi Ujiji kwa miguu ni safari ya majuma!

"Nimekubali, Mwinyi, na wageni wako ni mashahidi. Ila niazime huyo punda. Au nibebe mzigo kichwani mpaka Ujiji, shingo yangu ya chuma?"

"Mchukue! Hata akiruka kama kunguru, pilau itapoa hujatoka mjini."

"Basi kesho alfajiri naingia jikoni kwako."

Kesho yake Mwinyi aliamka kwa raha zake, akakaa kungoja chakula cha mchana. Akangoja weee, tumbo likamnguruma kama ngoma ya harusi. Mwishowe akavamia jikoni, akamkuta mkewe kajiinamia mbele ya majivu matupu.

"Mama Shija, chakula kiko wapi? Yule mwanamke kamaliza kuni?"

"Kuni zipo, mume wangu. Mafiga ndiyo hayapo. Bi Chachandu kayapakia juu ya punda pamoja na mchele wake mbichi, kaondoka." Akakuna kichwa. "Ameuliza, eti dada yako anapenda pilipili?"