Firigisi ya Mwalimu Asiye na Sauti

Hapo zamani, si zile za masultani na majini, zamani ya juzijuzi tu, Lusajo alikuwa chuo kikuu akisomea ualimu wa Kiingereza wa sekondari. Mazoezi ya kufundisha ya kwanza alifeli: aliongea dakika arobaini, wanafunzi hawakufungua kinywa hata mmoja. Mhadhiri wake, Dokta Nangale, akaandika neno moja kwenye fomu: "Redio." Akifeli tena, atadisko, ndivyo wanachuo waitavyo kufukuzwa. Arudi kwao Tukuyu na begi, na mama yake keshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni mwalimu!

Safari hii akapelekwa darasani kwa Madam Tumpe, kidato cha pili. Madam alilirudisha andalio lake la somo mara saba. Kila palipoandikwa "mwalimu atasema," alikata kwa kalamu nyekundu. "Wewe useme, wao wafanye nini? Wasinzie?"

Siku ya kutahiniwa Lusajo akaamka, sauti hana. Wiki nzima alishindana na wanafunzi themanini, wakamshinda. Gari la chuo likaingia, akashuka Dokta Nangale. Lusajo akainama kusalimu.

"Naona midomo tu," akasema Dokta. "Hiyo ni shikamoo au unatafuna?"

Madam akaeleza. Dokta akatazama saa. Kanuni ilimruhusu aandike "hakufundisha," aende zake. Akavuta dawati la nyuma, akakaa. "Nasubiri."

Somo lilikuwa kuulizana njia. Lusajo, jasho likimtiririka, akachora ubaoni barabara, soko na hospitali. Akawanyooshea chaki. Kimya. Akanyoosha tena. Kimya. Akaiona Tukuyu, akaliona na begi.

Ndipo akasimama Sekela wa dirishani, binti ambaye hakuwahi kutamka Kiingereza mbele za watu. Akauliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, hospitali iko wapi, maana mwalimu anaumwa. Darasa likaangua kicheko. Mmoja akamjibu apite sokoni. Mwingine akabisha: atapotea, akate kushoto! Kengele ikalia themanini wote wakibishana kwa Kiingereza, Lusajo katikati yao kama refa aliyemeza filimbi.

Akafaulu! Akaisoma fomu akitoka darasani. Akakaa pale pale kwenye ngazi, akacheka bila sauti mpaka machozi.

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi: mwanachuo akifaulu, huchinjwa jogoo, naye kwa mkono wake humpa firigisi yule aliyemfaulisha. Mmoja tu, maana firigisi haigawanywi.

"Lete hapa," akasema Madam Tumpe. "Mara saba nimemkata maneno. Kwa andalio lile la kwanza, bila sauti angefundisha nini?"

"Taratibu, Madam," akasema Dokta. "Kanuni niliikalia juu ya dawati. Tena nani alimwita redio, hata akaijua kasoro yake?"

Sekela, mgeni wa Lusajo mezani, akainamisha macho. "Shikamooni. Nyinyi mlikuwa mmekaa. Aliyechekwa ni mimi."

Lusajo akainua sahani. Sauti imeanza kurudi, lakini jina halitoki, na firigisi inapoa.

Haya, mnaosikiliza, msaidieni. Mimi msinitazame, kwa jogoo huwa naishia shingoni. Je, nani alistahili firigisi?