Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele

Mjane mmoja aliyeitwa Namsifu alikuwa na watoto wawili, kila mmoja amejenga katika nchi yake, na miguu iliyokuwa imeanza kumkataa. Tangu ujana wake alikuwa akiuza kunde sokoni, amesimama kutwa. Sasa miguu ilivimba hata akashindwa kuteka maji, na kila aliyemwona alijua kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Ikambidi afunge nyumba yake ahamie kwa mmoja wa wanawe, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Eliakimu, mwanawe wa kiume, alisema kwao ndiko mtu anakoishi kama mtu. Nakijwa, binti yake, alisema nchi ya kaka yake ina kila kitu isipokuwa watu. Maneno yalikwenda yakirudi, mpaka hao walionyonya ziwa moja wakaacha hata kusalimiana. Namsifu aliumia. Aliona wazi kwamba akimchagua mmoja atampoteza mwingine, naye hakuwa na mtoto wa akiba. Akasema atakwenda kukaa kwa kila mmoja kwanza, aone kwa macho yake, halafu ndipo aamue. Akafungasha nguo zake na kibaba chake cha mti. Huko aendako hakuwa na kazi nacho, lakini aliyepima kunde maisha yake yote hajui kutoka nyumbani bila kibaba.

Wauza nafaka, ndugu zangu, hujuana kwa kipimo. Yuko apimaye mfuto: hujaza kibaba, kisha hupitisha kijiti bapa juu yake, na punje zote zilizozidi mdomo wa kibaba hurudi guniani. Yuko apimaye tele: hujaza mpaka kibaba kinafanya kichuguu, punje zikawa zinaviringika mkekani, na bado huongeza kiganja. Namsifu alikuwa akimtambua mtu kwa mkono wake juu ya kibaba kabla hajamtazama usoni.

Alianza kwa Eliakimu. Huko walipima mfuto. Mtoto aliyetumwa dukani alipata sawasawa na bwana mkubwa, na hakuna muuzaji aliyeingiza kidole gumba ndani ya kibaba ili kupunja. Jambo hilo lilimfurahisha Namsifu, kwa maana vidole gumba vya sokoni kwao alivijua vizuri. Maji yalitoka ukutani. Alipopelekwa hospitali hakuulizwa ni mama wa nani. Alikaa kwenye foleni, zamu yake ikafika, akapewa dawa, na miguu ikaanza kunywea. Alimshukuru Mungu, na nchi ile akaishukuru pia, bila kinyongo.

Mlango wa pili aliishi mzee mmoja asiye na mke wala mtoto. Watu wa serikali walimletea chakula kila siku, kwa saa yake, kamili, wakakiweka mlangoni. Siku moja Namsifu akaona sahani ya jana ipo palepale, na ya leo imewekwa kando yake. Akamwambia mwanawe. Eliakimu akajibu kwa upole kwamba huku watu hawaingiliani, na mzee akiwa na shida ataita. Namsifu alitamani kwenda kupiga hodi, lakini alikuwa mgeni, akaogopa kumtia mwanawe aibu. Mlango ulipokuja kuvunjwa, mzee alikuwa amekwisha kufa siku nyingi, na sahani zilikuwa zimepangwa vizuri kizingitini.

"Hakuna aliyemnyima kitu, mama," alisema Eliakimu. Alisema kweli, na kweli hiyo ilimlaza mama yake kwa huzuni.

Kisha akaenda kwa Nakijwa. Huko walipima tele. Muuza kunde alimjazia mpaka kibaba hakionekani, akamwuliza habari za miguu, akaongeza kiganja kwa ajili ya hiyo miguu. Kabla hajafungua mzigo wake, uji ulikuwa umekwisha kuletwa na nyumba hii na ile. Watoto wasiokuwa wake walimwita bibi. Namsifu alicheka kama hajacheka tangu mumewe alipofariki, akasema moyoni kwamba hapa ndipo atakapozikwa.

Lakini macho ya muuza kunde hayastaafu. Jioni ya siku ya soko alimwona mwanamke mmoja, Mwajabu, akija wa mwisho. Huyo alikuwa mtu wa kuja. Hakuwa na ukoo pale, wala shemeji, wala mtu wa kumshikia nafasi. Gunia lilikuwa limebaki vumbi. Muuzaji akakung'uta, akampimia nusu, akamwomba radhi kwa moyo mzuri kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya soko, na ndivyo ilivyokuwa kwenye zahanati: muuguzi aliwaanza anaowajua, akawaongezea na ya kuweka nyumbani, na alipofikiwa Mwajabu dawa zilikuwa zimekwisha. Namsifu aliyaona hayo yote. Hakusema neno, kwa kuwa kibaba chake mwenyewe kilikuwa kimejaa.

Mtoto wa Mwajabu alishikwa na homa. Alikufa kwa homa ambayo dawa yake ilikuwa imewekwa akiba katika nyumba nyingi za mtaa ule. Watu wakaacha kazi zao wote. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walilia kilio cha kweli, na masufuria yaliletwa hata yakakosa pa kuwekwa.

"Umeona, mama?" alisema Nakijwa, akipangusa machozi. "Huku mtu haachwi peke yake."

Namsifu aliyatazama masufuria yale. Alikumbuka sahani za yule mzee.

Aliporudi kwake, aliwaita wanawe wote wawili. Walikuja, wakakaa kila mmoja upande wake wa ukumbi, kila mmoja ana hakika kwamba ameitwa kusikia ushindi wake. Mama akamwaga kunde mkekani, akawaambia wapime kama inavyopimwa kwao. Eliakimu akajaza, akafuta. Nakijwa akajaza mpaka punje zikaviringika hadi miguuni kwa kaka yake.

Namsifu akazikusanya zile kunde alizofuta Eliakimu, akazifunga katika upindo wa kitambaa.

"Nitakwenda nawe, Eliakimu, kwa kuwa miguu yangu inataka dawa na kwenu dawa haimwulizi mtu ukoo wake," alisema. "Lakini hizi ulizozifuta, utampelekea jirani yako wa upande wa pili, aliye hai bado, na utapiga hodi mlangoni kwake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nami nitakuwa nasikiliza. Na wewe Nakijwa, mwanangu, usinililie. Kibaba hiki nakuachia. Siku ya soko, kipeleke mapema kwa muuza kunde, mpimie Mwajabu kwanza, umwekee, ndipo ujaze cha mwingine."

Nakijwa alilia hata hivyo. Alikuwa ametaka mama, akapewa kibaba. Eliakimu naye alikishika kile kifurushi kidogo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, asijue akiweke wapi, maana alikuwa ameishi miaka yote hiyo bila kujua jina la jirani yake hata mmoja. Baadaye dada akaona fundo linalegea mkononi mwa kaka, akamsaidia kulikaza. Hilo ndilo lililokuwa neno lao la kwanza tangu waache kusalimiana.

Nanyi mnaobishana ni nchi ipi ambako watu wanaishi vizuri, kabla hamjajibu, mlipiga hodi mlango wa nani?